RICHARD BURTON, MTU WA LUGHA NYINGI, NA FUNZO LAKE KWETU

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga na Unguja khabari za mtu mmoja ambaye jina lake limo katika vitabu vingi, na ambaye wazee wa wazee wetu walimwona kwa macho yao akipita katika njia za baadhi ya miji hii. Mtu huyo ni Richard Francis Burton, Mwingereza. Hakuwa katika dini yetu, na katika mwendo wake yamo mengi ambayo hatuwezi kuyasifu, nayo tutayataja mahali pake. Walakini alikuwa na jambo moja ambalo sisi tuna haja nalo kubwa: alijua namna ya kuzitia lugha za watu ndani ya kichwa chake na kuzifunga zisitoke.

Kila tunapowahimiza watu wajifunze maana ya yale wanayoyasoma katika Sala zao, tunajibiwa nyudhuru tatu. Kijana husema kichwa chake ni kizito. Mtu mzima husema umri umempita. Mfanyi biashara husema hana wakati. Basi mtu huhitimu Msahafu akiwa mtoto, akaishi miaka sitini, akafa hajui maana ya maneno mia moja ya Kiarabu. Nyudhuru hizi tatu, yaani kichwa, umri na wakati, ndizo tutakazozipima kwa maisha ya mtu huyu.

Huku bara tunakoandika, Tongaren, baina ya Kitale na Bungoma, penye mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu na yakagawiwa wananchi katika miaka ya 1960, mtoto wa Kiislamu aweza kusema Kibukusu na mamaye, Kiswahili sokoni, Kiingereza skuli, na jioni akaenda chuoni kusoma Kiarabu. Lugha tatu za mwanzo humwingia. Ya nne hubaki mdomoni, isifike moyoni. Je, kichwa kilichobeba tatu chashindwa na moja? Hasha. Kichwa ni kile kile; njia ndiyo iliyotofautiana.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Burton alizaliwa tarehe 19 Machi 1821 katika mji wa Torquay, Uingereza. Babaye alikuwa afisa wa jeshi. Mtoto alipokuwa bado mdogo wazee wake walihamia Tours, katika nchi ya Ufaransa, na baada ya hapo wakawa hawakai mahali pamoja. Mara Ufaransa, mara Italia. Kwa hiyo alikua akicheza na watoto wa kila mji aliofikia, akawajibu kwa maneno yao. Alipofikia ujana alikuwa akisema Kifaransa na Kitaliana, na hata lahaja za watu wa mitaani ambazo mabwana wakubwa waliona haya kuzisema.

Mwaka wa 1840 babaye alimpeleka Chuo Kikuu cha Oxford. Huko akaingiwa na hamu ya kujua Kiarabu, lakini hakupata wa kumfundisha. Akatwaa kitabu cha nahau, akaanza peke yake. Na kwa kuwa hakuwa na mwalimu, aliziiga herufi za Kiarabu kwa kuziandika kutoka kushoto kwenda kulia, kama Wazungu waandikavyo! Akaendelea hivyo mpaka siku moja mwanachuoni wa Kispania, Pascual de Gayangos, akamwona anavyoandika, akaangua kicheko, kisha akamwonyesha njia iliyo sawa. Tusilipite jambo hili mbio. Mtu huyu ambaye baadaye aliitwa bingwa wa lugha alianza kwa kosa ambalo mtoto wetu wa miaka sita hawezi kulifanya. Basi hakuzaliwa na Kiarabu kichwani. Alikitafuta, akakosea, akaonyeshwa, akashika. Na pia twaona hapo kwamba bidii peke yake, bila ya mwalimu, yaweza kumpeleka mtu kinyumenyume.

Mwaka wa 1842 alifukuzwa Oxford kwa kuvunja amri ya wakubwa na kwenda kutazama mashindano ya farasi. Hakurudi tena.

MAISHA YAKE BARA HINDI

Mwaka huo huo alijiunga na jeshi la Kampani ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Bara Hindi, akafika Bombay mwezi wa Oktoba. Katika jeshi lile, afisa aliyefaulu mtihani wa lugha ya wenyeji aliweza kufanywa mkalimani na kuongezwa mshahara. Maafisa wengi waliiona kazi hiyo kuwa ni adhabu, wakapitisha siku zao katika kuwinda, kulewa na kulala. Burton alishika vitabu vyake na walimu wake wa Kihindi. Katika mwaka wa 1843 peke yake alifanya mtihani wa Kihindustani na mtihani wa Kigujarati, na katika yote miwili akawa wa kwanza. Mwaka uliofuata akafanya wa Kimarathi. Kisha akapelekwa Sindh, na huko akazidisha Kisindhi, Kiajemi na lugha nyingine.

Huko Sindh alifanya jambo la ajabu. Alivaa mavazi ya watu wa mashariki, akafungua duka sokoni, akajiita Mirza Abdullah, mfanyi biashara wa Bushehr, nusu Mwarabu na nusu Muajemi. Hakuchagua nasaba hiyo ovyo. Alijua kwamba Muajemi akisikia kasoro katika Kiajemi chake ataidhania kuwa ni athari ya Uarabu wake, na Mwarabu naye ataidhania kuwa ni athari ya Uajemi wake. Hivyo akakaa na watu bila ya kushukiwa, akawauzia, akawasikiliza, akayaokota maneno yalipozaliwa, yaani katika midomo ya wenyewe.

Inasimuliwa pia kwamba alikusanya nyani nyumbani mwake ili asikie sauti zao, akaandika kiasi cha sauti sitini alizodhani kuwa ni maneno yao. Karatasi hizo ziliteketea mwaka wa 1861 katika moto uliounguza ghala ya London alimokuwa ameweka vitu vyake. Msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini na ajiulize: huyu aliyekaa kuwasikiliza hata nyani, sisi twaona uzito gani kukaa na kusikiliza lugha ya Kitabu chetu?

NJIA YAKE YA KUHIFADHI MANENO

Burton mwenyewe aliieleza njia yake, na mkewe akaichapisha katika kitabu cha maisha yake baada ya kufa kwake. Sisi tutaieleza kwa maneno yetu.

Kwanza, alinunua kitabu chepesi cha nahau na kitabu cha maneno. Hakuanza na kikubwa. Akatia alama penye kanuni na maneno ambayo aliona kwamba bila ya hayo mtu hawezi kusema kitu, na mengine akayaacha kwa wakati wake.

Pili, alikitia kitabu mfukoni, akawa hatoki bila yake. Kila alipopata nafasi, ikiwa akingoja chakula au akingoja mtu, alikitoa akayatazama aliyoyatia alama.

Tatu, hakujifunza zaidi ya robo saa kwa mara moja, kwa sababu aliona kwamba baada ya muda huo akili hupoteza ukali wake. Akapumzika, akafanya jambo jingine, kisha akarudi. Kwa mwendo huo alihifadhi maneno kama mia tatu kwa juma moja, na aliona kuwa ni kazi nyepesi. Tufanye hisabu. Mia tatu kwa siku saba ni maneno arubaini na matatu kwa siku. Mtu akishika maneno kumi katika kila robo saa, hazitimii robo saa tano. Na zote pamoja ni zaidi ya saa moja kidogo, nazo zimetawanywa asubuhi, mchana na usiku. Yuko wapi mfanyi biashara asemaye hana wakati?

Nne, alipokwisha kupata maneno hayo ya mwanzo, alichukua kitabu chepesi cha lugha ile, akakisoma kwa kujikokota, na kila neno alilotaka kulishika alilipigia mstari. Mistari hiyo aliipitia kila siku, walau mara moja. Alipokimaliza, ndipo aliporudi kuzichimba nahau za ndani, kisha akachagua kitabu kingine ambacho khabari zake zilimpendeza.

Tano, alisoma kwa sauti, ili sikio liusaidie moyo. Na ikiwa lugha ina sauti ambayo ulimi wake haukuizoea, kama herufi ya ghayn katika Kiarabu, aliirudia mara maelfu kwa siku mpaka ulimi ukakubali. Na alipozungumza na wenyeji, kila walilolisema alilirudia kimya kimya nyuma yao, ili apate matamko yao na mahali wanapotia mkazo.

Kwa njia hiyo aliona kwamba miezi miwili yatosha kuivunja shingo ya lugha. Wenye kuandika maisha yake wamehisabu lugha alizozijua kuwa ni zaidi ya ishirini na tano.

Sasa, ndugu msomaji, ni lipi katika haya lililo geni kwetu? Kusoma kwa sauti ndiyo desturi ya vyuo vyetu. Kugawa somo vipande vidogo ndiyo kazi ya juzuu na ya ubao. Kurudia kila siku ndiyo muraja'a. Na Mtume wetu, Mwenyezi Mungu amsalie na ampe amani, ametufundisha kwamba mwenye Kurani ni kama mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia watakaa, akiwaacha watakwenda zao. Wanavyuoni walitunga hata nahau kwa mashairi ili zishikike; Ibn Malik, aliyefariki Damascus mwaka wa 1274, aliikusanya nahau ya Kiarabu katika beti kama elfu moja, na mpaka leo wanafunzi wanazihifadhi. Chombo tunacho. Upungufu wetu ni kuwa twakitumia kwa lafudhi peke yake, tukasahau kukitumia kwa maana.

Na wataalamu wa zama za baadaye wameithibitisha desturi hiyo. Mwaka wa 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe, akaonyesha kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni kisha kukapunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hufaa zaidi kuliko yale yaliyorundikwa mahali pamoja. Burton alikuwa akifanya hayo zaidi ya miaka arubaini kabla ya kitabu kile kutoka.

PICHA NDANI YA MOYO

Jambo moja jingine alilisema Burton, nalo lina mlango wake peke yake. Alizipenda hati ngumu, kama ya Kichina na ile ya misumari ya watu wa kale wa Iraq, kwa sababu aliona kwamba maumbo yake hujichora katika jicho kuliko herufi za Kizungu zilizozoeleka. Yaani alifahamu kwamba kitu chenye sura hukaa, na kitu kisicho na sura huteleza.

Elimu hii ni ya kale. Wayunani waliijua, walifundisha kwamba mtu ajenge nyumba katika fikira zake, na kila analotaka kulikumbuka alipe sura na aliweke katika pembe moja ya nyumba hiyo. Padri mmoja wa Kitaliana, Matteo Ricci, aliichukua elimu hiyo mpaka China, na mwaka wa 1596 akaiandikia kitabu kwa Kichina. Katika mifano yake minne ya kuyakumbuka maandishi ya Kichina, mmoja ni sura ya mwanamke wa Kiislamu! Kwani kuna herufi moja ya Kichina ambayo juu yake ni alama ya magharibi na chini yake ni alama ya mwanamke. Naye akaikumbuka kwa kumfikiri mwanamke aliyetoka nchi za magharibi ya China, nchi za Waislamu. Hata hivyo mtoto wa mkubwa mmoja wa Kichina, baada ya kukisoma kitabu hicho, alisema kwamba kanuni zake ni za kweli, ila mtu ahitaji kuwa na hifadhi nzuri kwanza ndipo aweze kuzitumia. Neno la busara.

Kwa maneno ya lugha ngeni, njia iliyo nyepesi zaidi ni hii: chukua neno geni, tafuta katika lugha yako neno linalofanana nalo kwa sauti, kisha uchore moyoni picha moja inayoyakutanisha hilo na maana. Tutoe mifano. Mvua kwa Kiarabu ni matar. Fikiri matari yameanikwa uani, na matone ya mvua yayapiga. Ng'ombe jike ni baqara. Fikiri ng'ombe aliyeshika bakora, asimama mlangoni mwa chuo. Chungu mmoja, yule mdudu mdogo, ni namla. Fikiri chungu juu ya mgongo wa tembo, ajisifu kwamba huyu namla mzima mzima. Picha ikichekesha huzidi kukaa. Mtu aliyeyasoma maneno haya matatu hapa, hatadhani kwamba ameyahifadhi, na kesho atajikuta anayo.

Mwaka wa 1975 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Richard Atkinson na Michael Raugh, waliijaribu njia hii kwa wanafunzi waliopewa maneno 120 ya Kirusi. Waliofundishwa kwa picha walikumbuka 72 katika kila mia, na wasiofundishwa hivyo walikumbuka 46. Baada ya majuma sita, wale wa kwanza walibakiwa na 43, na wa pili na 28. Katika hisabu hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, picha yasaidia sana. La pili, hata wenye picha walipoteza sehemu kubwa. Picha hulitia neno ndani ya nyumba, lakini marudio ndiyo yanayoufunga mlango. Na tuongeze la tatu kutoka kwetu: bakora haina qaf. Picha itakuletea neno, lakini herufi utaitoa katika makhraji yake kwa kusikia kwa mwalimu, wala hapana njia nyingine.

SAFARI ZAKE, NA KUFIKA KWAKE PWANI YETU

Mwaka wa 1853 Burton alifanya safari iliyomtangaza duniani. Alijigeuza tena, akawa Sheikh Abdullah, Mpathani aliyezaliwa India. Akakaa Kairo mwezi wa Ramadhani, akidurusu dini kwa sheikh mmoja muuza dawa, Muhammad al-Attar. Kisha akafuatana na mahujaji, akaingia Madina mwezi wa Julai na Makka mwezi wa Septemba. Jumuia ya Kifalme ya Jiografia ya London ndiyo iliyomsaidia safari hiyo, naye aliporudi aliandika kitabu, akaeleza hatua na vipimo vya aliyoyaona. Mwezi wa Januari 1855 aliingia Harar, akakaa siku kumi chini ya ulinzi wa amiri wake. Hata katika siku hizo za khofu aliyakusanya maneno ya Kiharari, nayo yakachapishwa mwaka wa 1856. Miezi michache baada ya kutoka Harar, kambi yake ilishambuliwa Berbera, akachomwa mkuki ulioingia shavu moja ukatokea la pili.

Mwezi wa Desemba 1856 alifika Unguja pamoja na mwenzake John Speke, miezi miwili tu baada ya kufariki Sayyid Said bin Sultan. Januari 1857 walikuwa Mombasa, wakapanda Rabai, wakashuka Tanga na Pangani, wakaenda mpaka Fuga, kwa Mfalme Kimweri wa Usambara. Katika safari hiyo walimpata Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafikishwa India, kisha akarudi. Bombay alijua Kihindustani, na kwa lugha hiyo Waingereza hawa na Mwafrika huyu wakaelewana. Angalieni jinsi lugha aliyojifunza mtu Bombay ilivyomfaa mbele ya Pangani.

Mwezi wa Juni 1857 walivuka bahari wakaanza safari ya bara, na mwezi wa Novemba wakafika Kazeh, palipo Tabora ya leo. Huko aliwapokea Mwarabu wa Oman, Snay bin Amir, mfanyi biashara mkarimu, mjuzi wa nchi na lugha zake. Februari 1858 waliliona ziwa la Tanganyika. Waliporudi Kazeh, Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa la Nyanza. Burton alibaki Kazeh, mgonjwa, akiandika maneno ya lugha za nchi pamoja na Snay. Hivyo mwenzake akapata Nyanza na fakhari ya chemchemi ya Mto Nile, na yeye akapata maneno. Wakagombana kwa ajili ya hayo mpaka Speke alipokufa mwaka wa 1864.

Hapa pana jambo la kutuuma. Mengi katika yale ambayo Wazungu waliyasoma kwa Burton juu ya nchi hizi yalitoka katika kifua cha Snay bin Amir. Snay aliuawa vitani huko Unyamwezi miaka michache baadaye, na aliyoyasema yakabaki katika kitabu cha mgeni wake. Mgeni alikuwa na kitabu mfukoni na kalamu mkononi.

Baada ya hapo Burton alikuwa balozi wa Uingereza katika Fernando Po, Santos ya Brazil, Damascus, na mwisho Trieste kuanzia mwaka wa 1872. Mwaka huo ndio alipochapisha kitabu chake kikubwa juu ya Unguja na pwani yetu. Kuanzia 1885 alitoa tafsiri yake ya hadithi za Alfu Lela u Lela. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, bado akifasiri. Yuko wapi asemaye umri umempita? Alikufa Trieste tarehe 20 Oktoba 1890. Mkewe alizichoma moto karatasi zake nyingi, naye akazikwa Mortlake, London, katika kaburi la mawe lililojengwa mfano wa hema ya Kiarabu.

ULIMI NA AMANA

Tumesema tutayataja yasiyosifika, na sasa ndipo mahali pake.

Burton aliingia Haram kwa jina lisilo lake. Yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu. Lakini aliyoyaandika yaonyesha kwamba alikwenda kuona na kueleza. Aliketi na watu, akala chakula chao, wakamwita ndugu, na kumbe awapima. Na juu ya Waafrika na watu wa pwani yetu aliandika maneno ya dharau ambayo mwenye kuyasoma leo huona uchungu. Alizijua lugha zao, hakuijua heshima yao. Hili na liwe onyo: kujua lugha ya watu si sawa na kuwapenda, na hifadhi yenye nguvu si dalili ya moyo uliosafika.

Mkabala wake tumweke mtu mwingine, ambaye ni wetu. Zayd bin Thabit, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alikuwa kijana wa Madina. Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amwandikie na amsomee barua zao, kwa kuwa hakutaka kuwaamini watu wengine katika barua zake. Zayd akayajua sawasawa, na haikupita nusu ya mwezi. Burton alihitaji miezi miwili. Kijana wetu alihitaji siku kumi na tano. Na hifadhi hiyo hiyo, na uaminifu huo huo, ndivyo vilivyomfanya Abubakar amkabidhi kazi ya kuikusanya Kurani. Ulimi wa Zayd ulikuwa amana.

Basi twataka nini kwa msomaji? Twataka achukue bidii ya Burton na amana ya Zayd. Suratul Fatiha, ambayo Muislamu huisoma mara kumi na saba kila siku katika Sala tano za faradhi, ina maneno yasiyofika thelathini. Kwa mwendo wa Burton hiyo ni kazi ya siku moja, na bado saa za siku hiyo zingebaki nyingi. Kurani yote, kwa wingi wa maneno yake, imejengwa juu ya mizizi isiyofika elfu mbili, na mingi katika hiyo imekwisha kuingia katika Kiswahili chetu: rehema, siku ya hisabu, ardhi, kitabu, nuru, dhuluma. Mswahili anapoanza Kiarabu hayuko ufukweni. Maji yamekwisha kumfika kiunoni.

Mwenye duka na aandike maneno kumi katika kipande cha karatasi, akiweke chini ya mizani yake, akitazame anapongoja mnunuzi. Mama na ayasome kwa sauti anapokuna nazi, na watoto wayasikie. Wazee wa barazani wapeane neno moja kila baada ya Alasiri, na kesho yake waulizane. Maneno kumi kwa siku ni mia tatu kwa mwezi. Aliye mwepesi atapata zaidi, na aliye mzito atapata nusu yake, na hiyo nusu ni kubwa kuliko alichokuwa nacho jana. Na atakaposimama katika Sala, akayasema yale aliyoyasema tangu utotoni, atajua anasema nini, na Nani anamwambia.

Mwenyezi Mungu atupe fahamu, na aijaalie ilimu yetu kuwa hoja kwetu na isiwe hoja juu yetu. Amin.